Shimo Liko na Mwenyewe



Mwezi huu sitaanza na habari ya watu wengine. Nitaanza na shimo langu mimi mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa pasta kijana, nilikuwa nimetoka tu ku masomo ya Biblia. Walinituma katika kanisa moja dogo, pembeni ya kambi ya wafanyakazi wa mugodi. Kanisa halikuwa na choo. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza, tulichimba shimo nyuma ya kanisa, metre 4 kwenda chini. Kisha feza ya simenti ikakwisha. Tukaweka malata mawili juu ya shimo, tukaweka na jiwe, tukasema: "Tutamaliza mwezi ujao." Mwezi ujao ulikuja, ukapita. Ule mwingine pia. Majani yakaota kandokando, mvua ikakula udongo wa pembeni, malata yakapata kutu. Kila siku ya Mungu nilikuwa ninapita pale na Biblia mu mukono, na macho yangu yalikwisha kuzoea.

Siku ya kine moja, wamama walikuwa katika maombi. Mutoto musichana wa miaka sita, aliyekuja pamoja na nkambo wake, alitoka inje kucheza. Alikimbilia mbuzi nyuma ya kanisa. Sisi tulisikia tu sauti ya malata, kisha kilio.

Kijana mumoja alitaka kuruka ndani mara moja. Muzee mumoja wa kanisa, aliyefanya kazi miaka mingi chini ya udongo, alimukamata shati. Akamwambia: "Simama! Ita mutoto kwanza." Tuliita, mutoto akajibu. Ndipo tukashusha ngazi, tukamutoa. Mufupa wa paja ulikuwa umevunjika.

Ndugu musomaji, kama habari ingeishia hapo, ningeandika tu juu ya mufupa. Lakini mangaribi ile, kwao na mutoto, watu walianza kuulizana: nani alimupeleka mutoto kule? Ni nkambo. Na ule nkambo, si yeye aliyekwisha kuzika wajukuu wawili? Neno la ulozi likaingia ndani ya nyumba. Siku ya pili, mukeka wa nkambo ulikuwa umewekwa inje, na mama muzee akalala chini ya muembe kama mugeni.

Na mimi pasta? Nilifika pale mara mbili. Nilimuombea mutoto. Niliomba Mungu afariji jamaa. Juu ya shimo, sikusema hata neno moja.

Siku ya tatu nilikuwa ninatayarisha mafundisho ya watoto, nikafika kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mistari ya 33 na 34. Pale kuna sheria ya watu wa zamani juu ya mutu anayefungua shimo bila kulifunika: kama ngombe au punda wa mwenzake anaanguka ndani, mwenye shimo ndiye atakayelipa. Sheria haiulizi nani alimuchukia mwenye punda. Haimutafuti mulozi. Inauliza neno moja tu: nani aliacha shimo wazi?

Nilifunga kitabu, nikaenda kwao na mutoto. Nilisema mbele ya wote: "Lile shimo ni langu." Baba mudogo wa mutoto hakutaka kusikia. Akaniambia: "Pasta, weye unamulinda tu mulozi." Nikamujibu: "Baba mudogo, tuende ukaone ile malata kwa macho yako." Tukaenda. Aliweka muguu pembeni kidogo ya malata, ikajikunja kama karatasi. Alisimama kimya muda murefu. Kisha akarudi nyumbani, akachukua mukeka wa mama yake, akaurudisha ndani.

Deni ya hopitali nililipa kidogo kidogo, miezi saba. Nkambo yule hakunisemea neno baya hata siku moja. Lakini tangu pale, hakupita tena nyuma ya kanisa.

Ndiyo sababu ninaandika. Kwetu, mutu akianguka, tunasema moja kati ya maneno mawili: ni mulozi, au ni mapenzi ya Mungu. Maneno yote mawili yanatuachia shimo wazi, na kesho mutoto mwingine anapita pale pale.

Shirika la Afya la Dunia, lile tunaloita OMS, linahesabu kwamba kila mwaka watu karibu 684.000 wanakufa katika dunia kwa sababu ya kuanguka. Katika ajali zisizotokea kwa kusudi, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu zaidi. Na zaidi ya watu 80 kwa 100 kati ya hao wanakufa katika inchi zenye feza kidogo au ya katikati, kama yetu. Tena watu zaidi ya milioni 37 kila mwaka wanaanguka vibaya mpaka wanahitaji munganga. Basi kuanguka si jambo dogo la kuchekelea mutaani. Ni ugonjwa unaoweza kuzuiwa, kama vile chandarua kinavyozuia malaria.

Tuangalie sababu zake moja moja.

Ya kwanza ni shimo wazi. Katika lupango zetu kuna mashimo mengi: choo kilichoanzwa, kisima cha zamani, shimo la takataka, shimo la kutoa udongo wa matofali. Malata peke yake si kifuniko, na mbao iliyooza ni mutego kamili, kwa maana inaficha shimo. Weka miti minene yenye nguvu juu ya shimo, kisha mbao zilizopigiliwa misumari. Zungushia luwa ya urefu wa kifua cha mutu mukubwa. Inua udongo kidogo pembeni kusudi mayi ya mvua yasiingie na kula ukingo. Kisima kiwe na ukuta unaofika kiunoni, na kifuniko chenye kufuli. Shimo lisilo na kazi tena, lijaze siku hiyo hiyo.

Ya pili ni pahali pa juu pasipo kizuizi. Sheria nyingine ya zamani, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mustari wa 8, ilimuamuru mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mudogo kuzunguka paa, kusudi mutu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Angalia, hakungoja mutu aanguke kwanza. Sisi tunajenga ngazi za simenti bila pa kushikilia, tunamwambia mutoto "angalia!", tunafikiri neno hilo ni ukuta. Neno si ukuta.

Wakati wa maembe, kuanzia mwezi wa kumi, watoto wanapanda juu. Wakati ule ndipo mvua inaanza, na ganda la muti linateleza. Muti wa avoka ni mubaya zaidi, tawi lake linaonekana nene, lakini linavunjika upesi. Usimukatalie mutoto maembe, hatakusikia. Mutengenezee muti murefu wenye kamba na kifuko kwenye ncha, achume akiwa chini.

Na wewe baba unayepanda kwenye paa kufunga malata: ngazi ikifika metre 4 juu, miguu yake ikae metre 1 mbali na ukuta. Mutu mumoja ashikilie chini. Usibebe nyundo na misumari mu mukono. Vuta vitu vyako kwa kamba ukifika juu. Na kama umekunywa lutuku, acha kazi ile mpaka kesho. Paa litakungoja.

Ya tatu ni giza na utelezi. Wazee wetu wengi wanaanguka usiku wakienda choo. Umeme hauko, macho yamechoka, kiatu cha mpira kimekwisha chini, na pale mulangoni kuna mayi ya kuosha vyombo. Mufupa wa muzee si kama wa kijana: akiangukia kiuno, mara nyingi hasimami tena vizuri, na kulala kwingi kunamuletea vidonda na ugonjwa wa mapafu. Mupe tochi pembeni ya kitanda. Mupe ndoo ya usiku bila kumuchekelea. Funga kamba au muti wa kushikilia toka mulangoni mpaka chooni. Na kama anakunywa dawa za tansio na anasikia kizunguzungu, mwambie akae kwanza pembeni ya kitanda, ahesabu mpaka ishirini, kisha asimame. Mwambie na munganga wake.

Mutoto muchanga naye usimuache peke yake juu ya kitanda au meza, hata dakika moja. "Hajajua kujigeuza" ndilo neno ambalo wamama wengi wanasema siku ile ile mutoto anapojifunza kujigeuza.

Ya ine ni haraka. Mnakumbuka Mefiboshethi, mutoto wa Yonatani, katika 2 Samweli sura ya 4. Alikuwa na miaka mitano. Habari mbaya ya vita ilifika, mulezi wake akamubeba akakimbia, na katika haraka ile mutoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili maisha yake yote. Yule mulezi alimupenda. Alitaka kumuokoa. Lakini hofu ikikimbia mbele, miguu haiangalii tena njia.

Hata kwetu tuliona jambo la namna hiyo. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, kule Kalando katika Lualaba, wachimbaji walikimbia kwa hofu wote pamoja juu ya daraja moja la kujitengenezea, juu ya fasi iliyojaa mayi. Daraja likaanguka. Angalau watu 32 walikufa. Daraja linalobeba watu watano halibebi watu mia. Kama uko kiongozi wa kikundi, jua mbele ya wakati njia gani watu watatokea, na ziwe zaidi ya moja.

Sasa ninasema na ninyi vijana wachimbaji, na wamama wanaowangoja nyumbani.

Tangu mwaka 2014, watu wa kartie ya Kasulo katika Kolwezi waliona kobalti iko chini ya nyumba zao wenyewe. Wakachimba katika lupango, wengine hata ndani ya chumba, watoto wakilala ngambo ya ukuta. Ninajua feza ile ilisomesha watoto na ilijenga nyumba. Siandiki kumuhukumu mutu anayetafuta bukari ya watoto wake. Lakini shimo la kuchimba kobalti nalo liko na mwenyewe, kama vile shimo langu la choo.

Sheria ya inchi yetu inakataza muchimbaji wa mikono kupita metre 30 kwenda chini. Inakataza pia watoto wasiofika miaka 18 kufanya kazi ile. Wengi wanapita metre 30, wanashuka kwa kuweka miguu mu vitundu vya ukuta, bila kamba, bila kofia ya kazi. Ndugu yangu, kama huwezi kuacha, basi fanya haya: ujifunge kamba, na mwisho wa kamba uwe kwa mutu anayekaa juu asiyeondoka. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, kwa maana uzito wake unabomoa ukingo, na mawe yake yanaangukia walio chini. Nyuma ya mvua kubwa, usishuke. Na usiku mukiondoka, zungushieni na kufunika, kwa maana mutu mwingine atapita pale bila taa.

Na neno hili, ninaomba mulishike kwa moyo. Mutu akianguka ndani ya shimo refu na hajibu, usiruke nyuma yake. Ndani ya shimo hewa inaweza kuwa mbaya bila harufu, zaidi kama kuna pompe ya mafuta iliyofanya kazi chini. Wa kwanza anaanguka, ndugu yake anashuka kumutoa, naye anazimia. Wa tatu anashuka kwa wale wawili. Ndivyo jamaa moja inavyozika watatu. Kushusha mushumaa au taa hakutoshi kujua, kwa maana ule moshi wa pompe unaua hata taa ikiwaka vizuri. Zima pompe, ita msaada, pigisha hewa ndani kama una mashini ya upepo, na asishuke mutu asiyefungwa kamba inayoshikwa na watu wenye nguvu juu. Muzee wetu aliyemukamata kijana shati siku ile alijua hayo. Shimo letu lilikuwa fupi na jipya, lakini aliita kwanza.

Kama mutu amekwisha kuanguka, tufanye nini?

Usimusimamishe kwa nguvu. Sisi watu wa huruma tunakimbia, tunamuinua, tunamutikisa, tunamumwangia mayi. Uliza kwanza: unasikia miguu yako? Unaweza kutikisa vidole? Shingo inauma? Kama miguu imekufa ganzi, au shingo na mugongo vinauma sana, asisogezwe mpaka mupate mbao au mulango wa kumulalisha. Watu wanne au watano wamugeuze pamoja, kichwa na mwili kwa mara moja, kama gogo moja. Kumubeba mugongoni au kumukalisha kwenye kinga kunaweza kumumalizia uti wa mugongo.

Kama mufupa umevunjika, funga kijiti kila upande, kifike kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini, kwa kitambaa, bila kukaza sana. Kisha angalia vidole: vikiwa baridi, vyeusi au vyenye ganzi, legeza mara moja. Yule mutoto wetu walimupeleka kwanza kwa mufungaji wa mifupa wa kienyeji, akakaza mpaka muguu ukawa baridi. Tulifika hopitali wakati muguu ungali unaokolewa, lakini umebaki mufupi kidogo kuliko mwenzake. Simulaumu yule muzee, alifanya alivyofundishwa. Ninasema tu: hopitali kwanza. Mufupa ukitokea inje ya ngozi, usiurudishe. Funika na kitambaa safi, nenda upesi, na uombe sindano ya tetanosi. Usimupe chakula wala kinywaji, kwa maana pengine watamupasua.

Kama aligonga kichwa, hata akicheka na kusema "mimi niko muzima", umuangalie siku mbili. Akianza kutapika mara nyingi, kulala usingizi usio wa kawaida, kusema maneno yaliyochanganyika, kuumwa kichwa kunakozidi, kutetemeka kwa kifafa, au damu ama mayi kutoka katika masikio na pua, usingoje asubuhi. Hapo saa moja ina bei kubwa.

Na katika yote hayo, usimutafute mulozi. Ukitafuta mulozi, utapoteza saa za hopitali, utapoteza feza, na mwisho utamupoteza nkambo, au mutoto yatima mwenye kuonewa bure. Mama yule aliyelala chini ya muembe usiku mbili, nani atamulipa zile usiku? Mimi nililipa mufupa. Zile usiku, sijapata bado namna ya kuzilipa.

Basi ninakupa kazi moja mwezi huu. Siku ya posho, mbele ya jua kuwa kali, zunguka lupango lako pamoja na watoto. Kisha zunguka kanisa, masomo, na njia ya kwenda kisimani. Watoto watakuonyesha mashimo ambayo wewe macho yako yamezoea. Ukipata shimo wazi, uliza nani mwenyewe, umwambie kwa upole. Na kama mwenyewe haonekani, basi wewe uliyeliona ndiwe mwenyewe. Lifunike.

Ni mimi, pasta wenu.